Bamvua Moja

Galmok, 4 Machi 1988

Wifi Jeong-im,

Vaa kwanza soksi nzito, halafu ndiyo usome. Naambiwa huko kwenu Ujerumani baridi inakaa mpaka Aprili kama mgeni asiyejua kuaga. Sisi huku mwaka mpya tumeuvuka salama. Tambiko la baba mkwe tulilifanya asubuhi ya sikukuu. Nikapakua supu, nikaweka bakuli lake mahali pake, nikamwambia, binti yako hakuja lakini shati alilotuma limefika. Binti yetu Ran-hi alitoka kiwanda cha viatu Busan, nywele kazikunja kama kondoo, akala, akalala, akaamka akala tena, akarudi kazini. Mdogo wangu Gap-su alitushushia mzigo wa vitunguu vya majani kutoka shambani kwake kule juu ya mto. Bado anacheka kile kicheko cha kutimua kuku. Kaka yako mzima. Anakula.

Sasa kilichonikalisha chini. Lile lango la mto uliloliacha likijengwa limekwisha, na tangu vuli limefungwa. Milango ya chuma imepangwa kutoka ng'ambo hii hadi ile. Bahari ikijaa inapiga chuma na kurudi ilikotoka. Mto nao unasubiri mpaka ufunguliwe. Wewe umekulia hapa, unajua maji yetu yalivyokuwa: chumvi ikipanda, tamu ikishuka, yanachanganyika mpaka hujui yapi ni yapi. Sasa yameachana. Juu ya lango ni matamu matupu. Chini ya lango, mvua zikikatika, itakuwa chumvi ya kupasua midomo.

Na kome wetu wadogo weusi hawataki hili wala lile. Juzi nilishusha reki upande wa juu, nikapandisha kikapu kizima wamefungua midomo. Mwenzangu wa kome, Mama Gwang-il, akachungulia, akasema, "Wanapiga miayo."

Nikamwambia, "Wamekufa, mama."

"Najua wamekufa. Niache niseme wanapiga miayo."

Mabata weupe wa shingo ndefu walikuja na baridi kama kawaida, wakachimba vishina vya ndago kwenye kinamasi. Lakini wameondoka mapema. Sijui walionja nini.

Andika upesi. Vidonge vya vitamini usitume tena, nywele zinaota mahali nisipopataka.

Wifi yako,
Mal-sun


Essen, 11 Aprili 1988

Wifi yangu mpendwa,

Soksi nilivaa, nikasoma barua yako nikiwa nimetoka zamu, miguu imevimba kama mkate. Hospitalini hatujambo. Jumapili iliyopita sisi wauguzi wa Korea tulikusanyika tukatengeneza kimchi kwa kutia chumvi na pilipili kabichi za hapa, ngumu kama vichwa vya wenyewe. Jirani wa juu akateremka kuuliza kama bomba la choo limepasuka.

Wifi, umenijazia kurasa mbili. Kome wamepata ukurasa, mabata wamepata mistari minne, na kaka yangu Du-man amepata maneno mawili: mzima, anakula. Hata mgonjwa wangu wa kitanda cha dirishani namwandikia zaidi ya hayo. Anavua? Mtumbwi aliupaka lami? Kwani ameumia, unanificha? Mwambie aandike mwenyewe, hata kama ni kunitukana.

Habari ya lango imenihuzunisha, ila sikufichi, si sana. Baba yetu yale maji ndiyo yaliyomchukua. Mimi nikisikia bahari imezuiwa mlangoni, sehemu ya moyo wangu inasema, ibaki huko huko.

Chumba changu cha pembeni bado unakifagia? Kifagie tu. Nisalimie Ran-hi na nywele zake, na Gap-su na kuku wake.

Jeong-im


Galmok, 20 Juni 1988

Wifi,

Nimechelewa. Ulikuwa wakati wa kupandikiza mpunga, nilikwenda kumsaidia Gap-su, na mgongo bado haujanirudia. Ran-hi amepandishwa, sasa anagundisha soli badala ya kukata. Mvua hazijaanza.

Umeuliza mara nyingi mno, basi pokea. Kaka yako havui. Mtumbwi wake umelala kifudifudi nyuma ya nyumba na paka amezalia chini yake. Tangu vuli ameajiriwa langoni. Amepewa kofia yenye nembo. Anakaa kwenye kile chumba cha vioo juu, wakimwambia fungua anabonyeza, wakimwambia funga anabonyeza.

Sikukuandikia kwa sababu kuandika ni kama kusema mara ya pili. Wanawake wenzangu wa kome huku nje wananiita Mama Lango. "Mama Lango, mwombe mumeo atupunguzie chuma kidogo!" Wanacheka, mimi nacheka nao, halafu nikifika nyumbani napiga sufuria.

Nilimwuliza mara moja tu. Nilimwambia, "Wewe umekua ukila kome hawa. Meno yako ya kwanza yaliota kwa mchuzi wao."

Akasema, "Nisipobonyeza mimi, atabonyeza mwingine."

"Basi na abonyeze huyo mwingine!"

Akavaa kofia akatoka. Tangu hapo nampakulia chakula, namwekea maji ya kunawa, simsemeshi. Analala chumba chako cha pembeni. Kwa hiyo ndiyo, nakifagia.

Juu ya lango matete yameota kama yamelishwa mbolea, yamesonga mpaka pale tulipokuwa tunapitisha mtumbwi. Chini ya lango ndago zimekuwa fupi, nyembamba, manjano kwenye ncha. Niling'oa moja nikatazama kishina chake. Zamani kilikuwa kama njugu. Sasa kama punje ya mtama. Bata mkubwa vile atashiba na hicho?

Mal-sun


Essen, 2 Agosti 1988

Wifi,

Hapa joto limetushika, wagonjwa wazee wanaanguka kama nzi. Mimi sijambo. Nimehama bweni la wauguzi, anwani mpya iko nyuma ya bahasha, iandike vizuri maana postamasta wa hapa hana huruma.

Nimesoma barua yako mara kadhaa, na kila mara nakasirika mahali tofauti. Kaka yangu amepata kazi ya kukaa mahali pakavu, na wewe hukuniambia msimu baada ya msimu? Unajua nimelala usiku ngapi huku nikimwota ndani ya maji, uso wake ukiwa uso wa baba? Wewe ulikuwa hujaolewa. Hukuona walivyomleta nyumbani amefungwa kwenye mkeka, nyasi za ndago zimejaa kinywani.

Mtu mzima hasemeshwi nyumbani kwake kwa ajili ya kome! Wifi, samahani, lakini ni kome.

Msemeshe. Mwambie hata kwamba chai imepoa.

Jeong-im


Galmok, 18 Desemba 1988

Jeong-im,

Usidhani nilinuna. Nilinuna mwanzoni, halafu mambo yakawa mengi kuliko kununa.

Ran-hi hajambo. Michezo ya Olimpiki tuliitazama wote kwenye televisheni ya duka la Mama Gwang-il, akatuuzia pipi kwa lazima. Mifupa yangu inauma asubuhi, mchana inasahau.

Nakueleza ya mwezi wa kumi. Ilikuwa siku za bamvua, bahari imejaa kuliko siku zote. Sisi wanawake tulipatana kwenda langoni na mitumbwi yetu yote, alfajiri, tugonge sufuria mpaka mkubwa yeyote atoke atusikilize. Tulitaka kitu kidogo: watufungulie bahari wakati wa bamvua, chumvi ipande kidogo, kome wapate kuzaa. Tuligonga mpaka mikono ikafa ganzi. Mkubwa hakutoka. Aliyetoka ni kaka yako, peke yake, amevaa ile kofia, ameinama juu ya reli anapunga mikono.

"Nyuma! Rudisheni mitumbwi nyuma!"

Mama Gwang-il akamrushia kifuniko cha sufuria. "Tufukuze basi, mume wa Mama Lango!"

"Nyuma nimesema! Mal-sun, rudi nyuma, utazama!"

Ndipo tukasikia chuma. Mlango mmoja uliinuka, Jeong-im. Bahari ilisita kidogo, kisha ikaingia. Ilipita ubavuni mwetu na povu na samaki wadogo na takataka zake, ikapanda mto kama zamani. Mama Gwang-il akachota kwa kiganja akanywa, akatema, akalia. Mimi tangu harusi yangu sijaona furaha kama ile, na kwenye harusi nilikuwa nalia.

Aliuacha mlango wazi mpaka maji yalipoanza kupwa. Hakuamriwa na mtu. Wakaja wakamvua kofia siku hiyo hiyo.

Lakini chumvi ni nzito, huenda kwa chini. Juu unaona mto ni ule ule. Wenye bustani za juu waliwasha pampu zao kama kila siku, wakamwagilia kabichi za msimu wa kimchi. Baada ya siku chache majani yakaanza kuungua pembeni. Watu wakatania sokoni kwamba mwaka huu kabichi zimejitia chumvi zenyewe shambani. Hakuna aliyecheka sana.

Kaka yako hayupo nyumbani sasa hivi. Mzima.

Anwani mpya nimeiona. Ni ya nyumba ya watu, si ya wauguzi. Sikuulizi.

Mal-sun


Essen, 30 Januari 1989

Wifi yangu,

Theluji imefika magotini. Nilimpeleka mgonjwa mmoja chumba cha picha nikarudi nikakuta barua yako, nikaisoma nimesimama kwenye korido mpaka mkuu wa zamu akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna. Halafu nikafikiri, sijui kama ni kweli.

Juu ya mto kuna bustani nyingi, lakini mimi naijua moja. Tangu nianze kukuandikia, hakuna barua uliyowahi kuifunga bila Gap-su ndani yake: vitunguu vyake, mpunga wake, kicheko chake. Hii ya Desemba hayumo. Na hukuniambia kimchi yenu ya mwaka huu imekuwaje. Mwanamke wa Galmok aandike Desemba asitaje kimchi yake?

Wifi, hasara hiyo ilimfika Gap-su?

Na mimi niliyekuambia ni kome tu. Sikujua kaka yangu ana kitu kama hicho ndani yake. Namwogopea na najivuna, vyote kwa pamoja, sijui nishike kipi.

Hukuniuliza, basi nakujibu. Nyumba ni ya mwanamume anayeitwa Ewald. Anaendesha tramu. Mkewe alifariki wodini kwangu, siku nyingi zilizopita. Tulifunga ndoa Julai, ofisini, mashahidi wawili na keki ya matunda. Aprili nilikuandikia ukifagie chumba cha pembeni huku pete imekaribia kidoleni, kwa sababu kusema "sirudi kukaa" kwa maandishi kulinishinda. Nimesema sasa. Chumba mpe anayekihitaji.

Mwezi wa sita nakuja kuwaona. Peke yangu kwanza.

Jeong-im


Galmok, 16 Aprili 1989

Jeong-im,

Hongera. Tramu ni kitu kizuri, inapita kwenye reli, haiwezi kupotea. Ran-hi amefurahi kuliko mimi, anataka picha.

Ndiyo. Ilikuwa ya Gap-su. Si yake peke yake, lakini bustani yake ndiyo iliyokuwa karibu na kona ya mto, na pampu yake ndiyo kubwa. Kabichi zote, mpaka mwisho wa tuta.

Alikuja mlangoni na kabichi moja mkononi. Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alisema, "Dada, mwambie shemeji aonje." Nikatazama chini. Kaka yako akatoka, akakata jani, akatafuna, akameza. Gap-su akamwambia, "Iko sawasawa? Au niongeze chumvi?" Akaiweka kabichi kwenye kizingiti akaondoka. Kimchi hatukutengeneza. Watu walituletea, nikaipokea, ikakaa.

Kesho yake kaka yako alichukua jembe na koleo akaenda kule juu. Hakuniaga, kwani mimi nilikuwa nimemfundisha kutoaga. Alichimba mifereji majira yote ya baridi, ardhi imeganda, ili mvua na maji ya theluji yaioshe ile chumvi itoke udongoni. Gap-su hakumkaribisha wala hakumfukuza. Alilala kwenye banda la pampu. Wali wake aliachiwa juu ya tuta, kama anavyoachiwa mbwa. Nasikia baadaye ukawa na yai juu.

Mimi sikwenda. Nilikuwa chini huku natafuta watoto wa kome. Nilijiambia, nikiwapata, hata kiganja kimoja, nitampelekea Gap-su aone kwamba haikuwa bure. Barafu ilipoondoka tu nilishusha reki, juu ya lango na chini ya lango, mimi na Mama Gwang-il, mpaka viganja vikachubuka.

Hakuna, Jeong-im. Hata mmoja. Bamvua moja haitoshi. Kome wanataka bahari kila siku, iingie na kutoka kama mtu wa nyumbani, si kama mwizi. Tulichopata asubuhi ile ni kuona tu.

Kwa hiyo kabichi za mdogo wangu ziliungua bure, na mimi ndiye niliyekuwa nikigonga sufuria.

Juzi nikaenda. Nilimkuta kaka yako amezama mferejini mpaka kiunoni. Nikamwambia, "Chai imepoa." Hayo ndiyo yaliyonijia, ulikuwa umeyaandika. Akanitazama sana. Akasema, "Nitainywa hivyo hivyo."

Njoo mwezi wa sita. Usilete vidonge.

Mal-sun


Essen, 9 Julai 1989

Wifi yangu,

Nimefika salama, masikio bado yamezibwa na ndege. Ewald alinisubiri na maua, amevaa suruali ya kazini. Ile kanga ya mwani mkavu wa kula mliyompa ameitundika ukutani, anadhani ni pambo. Sijamwambia.

Kuna jambo sikulisema mezani kwenu. Ule mchuzi wa kome ulionipikia asubuhi ya kwanza, nilimaliza bakuli mbili. Kome wale walikuwa wakubwa kuliko wa kwetu, na ganda lao lina rangi ya kahawia. Nilijua umewanunua wa mto mwingine. Nilijua pia ulikuwa unanitazama kama nitajua. Basi sote wawili tukasema ni mtamu. Ulikuwa mtamu.

Kaka alinipeleka kinamasini. Alitembea mbele. Juu ya lango matete yamepita paa la nyumba, huoni maji, husikii ndege. Chini ya lango palipokuwa pamejaa ndago pameanza kuwa tope tupu, na zilizobaki ni nyembamba kama nywele za mgonjwa. Nilisimama pale alipookotwa baba. Nilitegemea nitayachukia yale maji, na sikuweza. Yalionekana kama mtu aliyefukuzwa kwake.

Ndipo nikamwambia kaka habari za Ewald, kwa sababu nilijua wewe hukumwambia. Aliendelea mpaka tukafika kwenye tuta. Halafu akauliza, "Anajua kuogelea?"

Nikasema, "Anajua."

"Basi sina neno."

Sina raha tangu nirudi, wifi. Nafanya kazi, nakula, naamka nasikiliza. Niambie mtafanya nini. Mtu hawezi kukaa miaka yote ukingoni mwa maji yasiyompa kitu.

Jeong-im


Galmok, 25 Machi 1990

Jeong-im,

Ile si kanga ya kutundika, mwambie mumeo aile kabla haijaota ukungu. Ran-hi amepata mchumba, fundi wa mashine za kushonea viatu, kijana mpole, anasema "ndiyo mama" hata kabla sijauliza. Harusi itakuwa vuli. Jiandae.

Gap-su alipata kabichi mwaka jana. Si kama zamani, nusu ya shamba tu, ile nusu yenye mifereji. Alikuja nazo kwenye mkokoteni akazimwaga uani kwangu bila kusalimu, akakaa kizingitini akavua viatu. Kaka yako akaleta beseni. Tukazitia chumvi sisi watatu. Kisha kaka yako akateleza akakalia beseni, akalowa mpaka mgongoni, na Gap-su akacheka. Kuku wa Mama Gwang-il walikimbia mpaka barabarani. Sikuwahi kufikiri ningeilia sauti mbaya vile.

Baridi hii mabata weupe waliotua walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Wakubwa wa lango wamesema watafikiria, labda miaka ijayo, kufungua kidogo. Wenye bustani wamesema wakifungua watawasha matrekta waje kuziba lango. Nawaelewa wote. Hiyo ndiyo inayonichosha, zamani nilikuwa naelewa upande mmoja tu na nilikuwa nalala vizuri.

Umeniuliza tutafanya nini. Upande wa magharibi, saa chache kwa basi, kuna mto ambao mdomo wake haujazibwa. Bahari inaingia na kutoka. Kome wapo, wale wa kahawia. Wanawake wa kule wana mistari yao majini, kila mmoja na pake, na hawapendi wageni. Nimeandika nikaomba nafasi. Hawakunijibu. Mama Gwang-il anasema ni wazimu, mwanamke wa umri wangu kwenda kuanza kusimama mwisho wa foleni na maji kifuani. Nikamwambia hapa nilipo foleni yenyewe imekwisha.

Naondoka kesho na basi la asubuhi. Nikifukuzwa nitarudi. Nikifukuzwa mara ya pili nitakwenda tena.

Jioni hii nilikuwa nafunga reki kwa kamba. Kaka yako akasimama mlangoni ananitazama.

Nikamwambia, "Wewe hujaalikwa."

Akasema, "Na wewe pia hujaalikwa."

Nikalikaza fundo. Sasa namsikia huko nje, ameupindua mtumbwi wake, anatafuta viatu vyake vya mpira na anamlaumu paka.

Anwani ya huko nitakutumia nikishaijua.

Mal-sun